GPS isikupeleke porini: mwongozo kwa dereva wa safari ndefu

Kila msimu wa likizo maswali ni yale yale. "GPS inafanya kazi bila bando?" "Mbona imenipitisha kwenye njia ya ng'ombe na lami ipo?" "Iliniandikia saa nne, nimetumia saa tisa, kulikoni?" "Inasema nimefika, lakini mbele yangu naona shamba tu." Nimeona heri majibu yakae mahali pamoja na kwa mpangilio, ili anayefunga safari ya mbali kwa mara ya kwanza ayafuate tangu jioni ya kuamkia safari mpaka anapozima injini.

Sikukatazi kutumia GPS. Mimi naiwasha hata kwenye njia ninayoijua, kwa ajili ya foleni tu. Ninachotaka ukishike ni hiki: setelaiti zinajua ulipo, hazijui barabara ilivyo. Habari za barabara zinatoka kwenye ramani iliyochorwa na watu, pengine miaka kadhaa iliyopita, na kwenye hesabu za programu inayokutafutia njia ya dakika chache. Wanaopotezwa na GPS mara nyingi huponzwa na ramani na hesabu hizo. Huko angani kwa kawaida mambo huwa shwari.

Nadharia kidogo tu

Mfumo wa GPS ni wa Marekani na ulianza kufanya kazi kikamilifu mwaka 1995. Setelaiti zake huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi. Simu yako inazisikiliza tu, haizitumii chochote, na ikizisikia nne kwa uchache inapata mahali ilipo. Simu za sasa husikiliza pia mifumo ya wengine: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China.

Basi jibu la swali la kwanza: kujua ulipo hakuhitaji bando. Bando linahitajika kupakua ramani, kutafuta majina ya mahali na kupata habari za foleni. Mtandao pia huisaidia simu kuzipata setelaiti haraka. Bila mtandao itazipata, ila itachukua muda zaidi.

Chini ya anga wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi. Kwa kazi nyingi hiyo inatosha. Lakini barabara mbili zikienda sambamba, au moja ikipita juu ya nyingine, mita tano zinatosha kuichanganya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye nafasi ya kutosha kuhifadhi ramani, na programu mbili za ramani zinazotumia vyanzo tofauti. Angalia hapo: OsmAnd na Organic Maps zote zinachota kwenye OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo kulinganisha hizo mbili ni kulinganisha kitu na nafsi yake.
- Kishikio imara cha simu.
- Chaja ya gari yenye nguvu, inayoingia kwenye lile tundu la duara la volti 12. Matundu ya USB ya magari mengi ya zamani hutoa ampea 0.5 tu. Simu iliyowasha skrini na GPS inakula zaidi ya hapo, ndiyo maana unaona imechomekwa na asilimia bado zinashuka.
- Pawabenki iliyojaa, kwa siku ambayo gari lenyewe litazima.
- Ramani ya karatasi ya eneo lote. Hata ya zamani inafaa, maana milima na mito haihami.
- Kalamu na karatasi. Utaona kazi yake kwenye hatua ya 6.
- Maji, chakula, tochi na kitu cha kujifunika, hata kama safari ni ya mchana mmoja.

Hatua

1. Hakikisha uendako ndiko kwenyewe.

Anza hapa, maana kosa la hatua hii halisahihishwi na umakini wowote wa barabarani. Mwaka 2009 watalii wawili wa Sweden walitaka kwenda Capri, kisiwa cha kusini mwa Italia. Wakaandika Carpi, ambao ni mji wa kaskazini usio na bahari. Walifika wakaulizia vivutio vya kisiwa, na hawakuwa wameshtuka kwamba hawakupanda chombo wala kuvuka daraja lolote. Mwaka 2016 Mmarekani mmoja alitua Iceland akitafuta hoteli yake katika mtaa wa Laugavegur, Reykjavík. Anwani aliyokuwa nayo ilikuwa na herufi moja ya ziada, Laugarvegur, na mtaa wa jina hilo upo kweli, ila uko Siglufjörður, pwani ya kaskazini. Safari isiyofika saa moja ikawa ya saa tano na zaidi kwenye barafu.

Kwa hiyo usiguse jina la kwanza linalojitokeza ukaondoka. Kuza ramani uone alama imechomekwa wapi: mji gani, mkoa gani, karibu na mto au barabara ipi. Tazama jumla ya kilomita, ujiulize kama inaendana na ulichoambiwa na wenyeji wako. Kisha fungua programu ya pili uangalie kama inakubaliana na ya kwanza. Jina likiwa sahihi, alama bado inaweza kuwa mahali pabaya. Desemba 2012 polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walilazimika kutoa onyo kwa sababu ramani ya simu za iPhone iliuweka mji wa Mildura katikati ya hifadhi, kilomita 70 hivi kutoka ulipo, mahali pasipo na maji na penye joto linaloweza kufika nyuzi 46.

Njia salama ni kumwomba unayemwendea akutumie alama ya mahali alipo, au namba za latitudo na longitudo. Ukipewa namba, jihadhari na mambo matatu:

- Latitudo hutangulia, longitudo hufuata. Ukizigeuza utajikuta bara jingine au katikati ya bahari.
- Alama ya kutoa mbele ya latitudo ina maana ya kusini mwa ikweta. Ikidondoka wakati wa kunakili, umehamia upande wa pili wa ikweta.
- 6°50′ si 6.50. Dakika 50 ni sehemu 50 kati ya 60 za digrii, kwa hiyo namba yake ni 6.833. Ukiandika 6.50 umekosea kwa theluthi moja ya digrii. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Umejitupa kilomita 37.

Tarakimu tano baada ya nukta zinakuweka ndani ya mita moja hivi. Ukipewa tarakimu mbili tu, hilo ni eneo la zaidi ya kilomita moja, si mlango wa nyumba.

2. Pakua ramani ukiwa na intaneti nzuri.

Pakua eneo pana kuliko njia yako. Wengi hupakua ukanda mwembamba wa barabara wanayotarajia, halafu barabara ikifungwa wakachepuka, wanatoka nje ya ramani na skrini inabaki kijivu. Ukimaliza, zima data kabisa na ujaribu kutafuta mji wa njiani na kupanga njia. Ikishindikana nyumbani, na huko haitawezekana. Kumbuka pia kwamba ramani zilizopakuliwa kwenye baadhi ya programu huisha muda, na kwamba bila intaneti hupati habari za foleni wala za barabara iliyofungwa asubuhi ya leo.

3. Kagua mipangilio.

Dakika mbili zinatosha. Hakikisha umechagua gari, si pikipiki wala miguu, kwani vijia vingi vya ajabu ambavyo watu hulalamikia ni vya pikipiki vilivyopangiwa gari. Kama programu ina chaguo la "njia fupi" na "njia ya haraka", usichague fupi. Fupi itakuokolea kilomita nne na kukutia kwenye mashimo ya saa nzima. Washa chaguo la kukwepa barabara zisizo na lami kama lipo, na la kukwepa vivuko kama huna uhakika kivuko kinafanya kazi siku hiyo. Ukiendesha lori, basi refu au gari linalovuta tela, programu ya magari madogo haijui urefu wala uzito wako. Itakupeleka chini ya daraja fupi bila kusita, kwa hiyo tafuta programu ya malori.

4. Ipitie njia nzima kwa macho kabla ya kuikubali.

Kama una dakika ishirini tu za maandalizi, zimalizie hapa. Watu hubonyeza "Anza" bila kuijua njia waliyopewa zaidi ya kona mbili za mwanzo, wakati skrini yenyewe iko tayari kuwaonyesha yote.

Washa picha za setelaiti, kuza, uifuate njia kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Unatafuta vitu hivi:

Mahali njia inapoiacha barabara kuu kisha inairudia mbele. Hiyo ni njia ya mkato, na programu imeichagua kwa ajili ya dakika tatu au tano. Iburute njia irudi kwenye barabara kuu, au weka kituo cha kati kwenye mji ulio juu ya barabara kuu ili ilazimike kupita huko.

Mahali njia inapokata mto. Kuza mpaka uone daraja lenyewe. Ukiona mstari wa njia unaingia majini upande huu na kutokea upande ule bila kitu katikati, hicho ni kivuko cha miguu ya ng'ombe, au daraja lililokwenda na maji. Picha nyingi za setelaiti huchaguliwa za siku zisizo na mawingu, na mara nyingi siku hizo ni za kiangazi. Mto unaouona kama mchanga mweupe unaweza kuwa mto kweli siku utakayofika.

Mstari wa nukta nukta juu ya maji ni kivuko au feri. Palipo na bahari, jiulize pia habari za maji kupwa na kujaa. Mwaka 2012 wanafunzi watatu wa Kijapani huko Australia walifuata GPS kuelekea kisiwa cha North Stradbroke wakaingiza gari kwenye matope ya bahari maji yakiwa yamekupwa. Maji yalipojaa gari likabaki humo.

Rangi ya barabara. Lami huonekana kijivu na upana usiobadilika. Udongo huonekana kahawia au mwekundu, ukipanuka na kusinyaa pale madereva walipokwepa madimbwi. Ukishaona magurudumu yamechora njia tatu pembeni, ujue ile ya katikati haipitiki mvua ikinyesha.

Mwisho, tazama kama njia inapita ndani ya hifadhi, eneo la jeshi, shamba la mtu au mpaka wa nchi. Programu haijali geti linafungwa saa ngapi. Hifadhi ya Taifa ya Death Valley, Marekani, huwaonya wageni wake waziwazi wasitegemee GPS peke yake, kwa kuwa imekuwa ikiwaingiza watu kwenye njia zilizofungwa au zilizokufa zamani.

5. Piga hesabu yako ya muda.

Programu hukisia spidi kwa kuangalia aina ya barabara na mwendo wa simu nyingine zilizopita hapo. Barabara yenye magari mengi, kisio lake huwa karibu na ukweli. Barabara ya pembeni wanakopita watu wawili kwa siku, kisio ni la hewani. Haihesabu pia kula, kujaza mafuta, choo, wala mtoto anayetapika.

Gawa safari yako mafungu mawili. Kwa lami ya kawaida yenye miji njiani, chukua wastani wa kilomita 60 hadi 70 kwa saa, hata kama utakimbia zaidi ya hapo sehemu nyingine. Kwa vumbi na changarawe, chukua 30. Kilomita 120 za changarawe ambazo programu imeziandikia saa mbili zitakula saa nne. Ongeza robo saa ya kupumzika kwa kila saa mbili za kuendesha. Jumla ikikufikisha baada ya giza kuingia, ondoka mapema zaidi au lala njiani. Usipange kuokoa muda kwa spidi.

6. Andika safari kwenye karatasi.

Wanaoicheka hatua hii ni wale ambao simu haijawahi kuwazimikia njia panda. Mistari sita hadi kumi inatosha. Mfano wake uko hivi:

km 0: sifurisha odometa
km 38: mzunguko wa kwanza, tokea njia ya pili
km 96: daraja refu, kituo cha mafuta kushoto, JAZA HAPA
km 141: njia panda yenye mnara wa simu, shika kulia (GPS itataka kushoto, usikubali)
km 170: lami inaisha
km 188: ukiona reli, umepitiliza, rudi

Mstari wa mwisho ndio wa thamani kuliko yote. Kwa kila kona muhimu, andika kitu utakachokiona ukishaikosa. GPS ikikosea haikuambii imekosea, itakupangia tu njia mpya kwa sauti ile ile ya upole, nawe utaendelea kwenda. Ukiona reli, unajua mwenyewe.

Kazi hii ina faida nyingine: ukishaiandika, njia inakaa kichwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Scientific Reports ulionyesha kuwa waliotumia GPS zaidi maishani walifanya vibaya zaidi walipotakiwa kutafuta njia wenyewe.

7. Uliza walioipita juzi.

Kuuliza si ujinga, lakini kuna namna ya kuuliza. Ukisema "Hii njia inafika huko?" utajibiwa "inafika", kwa adabu tu au kwa sababu kweli kwa baiskeli inafika. Uliza hivi: "Wewe ungekuwa na gari kama hili ungepita wapi?" na "Gari dogo limepita leo?" Madereva wa malori na mabasi wana habari za asubuhi hiyo hiyo. Wakitofautiana wawili, muulize wa tatu.

8. Funga simu na panga kila kitu gari likiwa limesimama.

Iweke karibu na usawa wa macho, mahali isipokukinga kuona barabara wala isipokaa mbele ya mfuko wa hewa wa usalama. Usiiache juani juu ya dashibodi. Simu nyingi hazipendi joto la zaidi ya nyuzi 35. Skrini hufifia, chaji inagoma, kisha simu inajizima. Karibu na tundu la kiyoyozi ni pazuri zaidi.

Washa sauti, uisikilize kuliko kuitazama. Kwa spidi ya kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu za kusoma skrini ni mita zaidi ya 65 ulizoendesha bila macho. Kama una abiria, mteue mmoja awe msoma njia, karatasi na simu viwe vyake, na yeye ndiye abonyeze. Na asiwe yule anayesinzia kabla hamjatoka mjini.

9. Njiani, linganisha.

Kila baada ya nusu saa, linganisha vitu vitatu: bango la barabarani, karatasi yako na simu. Vikikubaliana, endelea. Kimoja kikipingana na viwili, punguza mwendo utafute jibu. Bango na simu zikipingana juu ya kitu kilicho mbele ya macho yako (barabara imefungwa, njia ya upande mmoja, usigeuke kulia), bango ndilo lenye amri. Hata mahakamani, "GPS ndiyo iliniambia" si utetezi.

10. Usikubali "njia ya haraka zaidi" kwa pupa.

Programu itakuletea ujumbe katikati ya safari kwamba imepata njia inayookoa dakika kadhaa, na baadhi huhamia njia hiyo zenyewe usipojibu. Tatizo ni kwamba wenzako kwenye foleni wameletewa ujumbe ule ule. Juni 2019 ajali ilifunga barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Denver, Marekani. Programu ya ramani ikawachepusha madereva kwenye njia ya udongo iliyokuwa imenyeshewa, mmoja akafuata mwingine, na karibu magari mia moja yakakwama matopeni.

Wengi wakikata kona mbele yako hiyo bado si dalili ya njia nzuri. Huenda wote wanasoma skrini moja. Mkato ukiwa wa lami tangu mwanzo mpaka mwisho na unaokoa zaidi ya robo saa, ufikirie. Chini ya hapo baki ulipo, sikiliza redio.

11. Jiwekee kikomo cha kurudi, na ukiheshimu.

Kikomo kiwekwe kabla ya safari, maana ukiwa ndani ya matatizo utajipa kilomita moja zaidi, kisha nyingine. Changu ni hiki: lami ikiisha mahali ambapo karatasi haikusema itaisha, naenda kilomita tano. Nisipokutana na gari linalotoka mbele, narudi nilikotoka. Hali zifuatazo hazina hata kilomita tano, unageuza hapo hapo:

- Nyasi zinaota katikati ya njia.
- Kuna mawe, matawi au mapipa yaliyopangwa kukata barabara. Mtu kayaweka kwa sababu.
- Maji yanakatiza barabara na huoni chini. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinaweza kubeba gari dogo, na 60 zinabeba karibu gari lolote la familia.
- Ni usiku na hujui daraja la mbele likoje.

Hilo la mwisho si la kutisha watu bure. Novemba 2024, karibu na Bareilly huko India, watu watatu walikufa gari lao lilipodondoka kutoka kwenye daraja ambalo sehemu yake ilikuwa imechukuliwa na mafuriko. Ramani waliyoifuata ilikuwa bado inalionyesha zima.

Ukishageuza, GPS itakupigia kelele "geuka, geuka" kilomita nzima. Ifunge. Iwashe tena ukirudi kwenye lami, na uweke kituo cha kati kuilazimisha ipite unakotaka wewe.

12. Ukikwama, kaa na gari.

Gari ni kivuli, ni kinga ya baridi, na linaonekana kutoka mbali kuliko mtu. Mwaka 2011 mume na mke kutoka Kanada walikuwa wakielekea Las Vegas, wakashika njia ya milimani kaskazini mwa Nevada, na gari likazama matopeni. Mume aliondoka kwa miguu na kifaa cha GPS mkononi kutafuta msaada. Mke alibaki na gari, akaishi kwa chakula kidogo sana na maji ya theluji, akapatikana hai baada ya wiki saba. Mabaki ya mume yalipatikana mwaka uliofuata.

Jambo la kwanza ni kusoma latitudo na longitudo kwenye simu na kuziandika karatasini kabla chaji haijaisha. Kisha zitume kwa ujumbe mfupi wa maandishi. Mtandao dhaifu unaokataa kupiga simu mara nyingi hupitisha SMS. Namba 112 huunganishwa na huduma za dharura katika nchi nyingi, na simu hujaribu mtandao wowote unaoshika, hata usio wa laini yako. Halafu punguza mwanga wa skrini, zima Bluetooth na Wi-Fi, na ungoje. Yote haya yana maana zaidi kama kabla ya kuondoka ulimwachia mtu njia yako na saa ya kuanza kukutafuta.

Ikigoma

*Kidoti hakisogei, au inaandika inatafuta GPS.* Angalia kama programu imeruhusiwa kusoma mahali ulipo na kama simu haiko kwenye hali ya kubana chaji. Simamisha gari penye anga wazi, toa simu nje, subiri dakika kadhaa. Bila mtandao lazima ungoje zaidi.

*Kidoti kinarukaruka mitaani.* Maghorofa marefu yanarudisha ishara kama mwangwi. Endesha kwa kusoma majina ya mitaa mpaka utoke hapo. Kama inaruka hata barabara ya wazi, huenda kioo chako cha mbele kina filamu ya kuzuia joto yenye chembe za metali, nayo hudhoofisha ishara. Hamishia simu upande wa dirisha.

*Mshale unatazama nyuma.* Gari likiwa limesimama, simu hutegemea dira yake, na chuma cha gari kinaichanganya. Endesha mita hamsini, mshale utajinyoosha. Ukibaki umepinda, shuka uizungushe simu hewani kwa umbo la namba 8.

*Inasema ugeuke pasipo na njia.* Yaelekea inadhani uko kwenye barabara ya pembeni, au ile iliyo chini ya daraja. Usibane breki. Pitiliza, iache ipange upya.

*Ishara inapotea kwenye handaki.* Hiyo ni kawaida. Kabla ya kuingia, tazama kama kuna njia ya kutokea ndani yake au mara tu baada yake, na shika mstari wako mapema.

*Inasema umefika na hakuna kitu.* Imekufikisha kwenye barabara iliyo karibu zaidi na alama, ambayo si lazima iwe barabara yenye mlango. Kuza ramani uone geti liko upande gani wa jengo, au piga simu uelekezwe.

*Inaonyesha uko uwanja wa ndege au baharini nawe uko nchi kavu.* Maeneo yaliyo karibu na vita, kuna watu wanaorusha ishara za uongo makusudi. Huwezi kulitengeneza. Zima, shika karatasi.

*Kifaa cha zamani cha garini kinaonyesha tarehe ya ajabu.* GPS huhesabu wiki mpaka 1,024 kisha inaanza upya, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Aprili 2019. Vifaa visivyosasishwa vilirudi nyuma karibu miaka ishirini. Tafuta sasisho la mtengenezaji. Likikosekana, tumia simu.

*Sauti haisikiki.* Simu imeunganishwa na redio ya gari kwa Bluetooth huku redio ikiwa kwenye stesheni nyingine. Badilisha chanzo cha sauti kwenye redio, au kata Bluetooth sauti itokee kwenye simu. Mara nyingine kuna mtoto kiti cha nyuma amevaa spika za masikioni na ndiye anayeambiwa kata kona kushoto.